Kufufua boti ya zamani ya alumini: mwongozo kamili kwa mmiliki wa mara ya kwanza, Tanga

Kabla hujanunua msasa na kabla hujachagua rangi, ipindue boti yako chini juu, ioshe tumbo kwa sabuni na maji ya bomba, kisha ikague asubuhi nzima. Wengi wanairuka hatua hii. Wanaona bati limepauka, wanapaka rangi, wanashua, na msimu haujaisha rangi imevimba malengelenge, ukilikwangua lengelenge unakuta unga mweupe na kitundu.

Nalisema mapema kwa sababu kazi yote inasimama hapo: alumini haiuliwi na maji ya bahari yenyewe. Hewa inaijengea ngozi nyembamba ya oksaidi inayoikinga, na ngozi hiyo ikikwaruzwa inajijenga tena papo hapo. Kinachoiua ni unyevu uliofungiwa mahali pasipopita hewa, au metali ya aina nyingine inayoigusa ndani ya maji ya chumvi. Karibu kila hatua iliyoandikwa hapa ni kumwondoa mmoja wa maadui hao wawili.

Jua ulichonacho

Boti nyingi ndogo za alumini za zamani ni uzao wa viwanda vya ndege. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, viwanda vya Marekani vilibaki na mashine, mafundi na mabati bila kazi, vikageukia vyombo vya majini. Grumman, iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, ilianza kutoa mitumbwi ya alumini mwaka 1945. Ndiyo maana ukiitazama boti ya miaka ya 1950 au 1960 unaona mabati membamba yaliyoungwa kwa mistari mirefu ya ribiti (misumari mifupi inayogongwa mpaka mkia uvimbe), kama ubavu wa ndege. Nyingine, hasa za baadaye, zimechomelewa. Ya ribiti ni rahisi zaidi kwa mtu anayeanza, kwa sababu ribiti moja inatoka na nyingine inaingia bila mashine ya kuchomelea.

Tazama upande wa nje nyuma, kulia, karibu na ukingo wa juu. Boti zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani baada ya Novemba 1, 1972 zinatakiwa kuwa na namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12. Isipokuwepo, huenda boti ni ya kabla ya hapo, imetoka nchi nyingine, au kibati kimeng'oka.

Pwani yetu ina mafundi hodari wa ngalawa, mashua za mbao na faiba. Wa alumini ni wachache, na wengi wanaoijua vizuri ni wale wa milango na madirisha. Kwa hiyo wewe mwenye boti ndiye utakayejua kwa nini kitu kifanywe hivi na kisifanywe vile, na utamsimamia fundi kwa adabu.

Ukaguzi, na uamuzi wa kuendelea au kuacha

Subiri giza liingie. Ikiwa imepinduliwa, jipenyeze ndani na mtu azunguke nje akimulika tochi kali taratibu kwenye kila mshono. Tundu dogo kama la sindano litaonekana kama nyota. Lizungushie alama. Tumia chaki au krayoni ya nta, kamwe usitumie penseli ya kawaida: risasi ya penseli ni grafaiti, na grafaiti iliyobaki juu ya alumini yenye chumvi inaitafuna kama metali ngeni.

Asubuhi chukua msumari usio na ncha kali uugonge kwa wepesi kila penye unga mweupe. Bati la boti ya futi 14 mara nyingi lina unene wa milimita 1.6 hadi 2 tu. Msumari ukizama au bati likitoa sauti iliyokufa, hapo pameliwa. Kisha tazama ribiti: iliyolegea ina mstari mweusi au wa kijivu unaoteremka kutoka kichwani mwake, kwa sababu inasuguana na bati kila wimbi linapopiga. Ndani, pitisha kidole kwenye mataruma, yaani mbavu za boti, ukitafuta ufa, hasa pale taruma linapokutana na mkuku, uti wa chini wa boti, na chini ya benchi la nyuma.

Mwisho nenda kwenye tezi, ubao wa nyuma unaofungiwa mashine. Ugonge kwa nyundo. Ubao mzima unalia, uliooza unanyamaza. Fungua bolti moja ya chini: maji yakichuruzika au unga wa kahawia ukitoka, usihangaike kuutibu, utabadilishwa wote.

Ubao uliooza, ribiti zilizolegea na mabenchi yaliyovunjika visikutishe. Vyote hivyo vinatengenezeka na mtu mwenye subira. Bali tumbo likiwa limejaa mashimo mashimo kwa eneo kubwa kama meza, au mataruma kadhaa yakiwa yamekatika na mkuku umepinda, mwachie mwenyewe. Fedha utakayomwaga humo ingekununulia boti nyingine.

Mahali na majira

Tafuta kivuli mbali kidogo na ufukwe, palipo na bomba la maji baridi. Ufukweni mvuke wa chumvi unatua juu ya bati ulilosafisha dakika chache zilizopita, na rangi inashika chumvi badala ya kushika alumini. Kazi ya gundi na rangi ifanyike nje ya masika, yaani usiipange Machi hadi Mei. Kaskazi ya Januari na Februari ni kavu lakini ina joto kali, na epoksi inaganda mkononi. Mimi napenda Julai na Agosti, jua limepungua ukali. Muda wowote utakaochagua, changanya gundi asubuhi, isipokuwa epoksi ya mishono, ambayo ina saa yake.

Kutafuta mvujo kwa kujaza maji

Igeuze boti ikae sawasawa, mkuku umelala juu ya mbao kwa urefu wake wote na pembeni pamekingwa. Ziba tundu la nguruzi, kizibo cha kutolea maji. Mimina maji baridi ndani mpaka sentimita 5 tu juu ya sakafu. Usishawishike kujaza zaidi: kina hicho kidogo kwenye boti ya futi 14 tayari ni kama kilo 200, na boti haikuundwa kubeba maji ndani yake ikiwa imekaa nchi kavu. Lala chini utazame. Kwanza hutaona kitu. Baada ya muda tone litaning'inia kwenye kichwa cha ribiti, lianguke, lingine lije. Weka alama kila linapotoka, andika pia kama linadondoka kwa haraka au linatoka jasho tu. Piga picha za simu, maana alama zitafutika ukianza kusafisha.

Kuvua kila kitu

Toa mabenchi, sakafu, nyaya, tangi, na hasa povu lililojazwa chini ya mabenchi. Povu la zamani limekunywa maji. Ukilikamua linatiririka, na boti nzito isiyoelea sawasawa mara nyingi tatizo lake ni hilo. Zulia lililobandikwa sakafuni nalo litoke, usilirudishe tena. Zulia, povu bovu na matope kwenye ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, ndiyo magodoro ya ule unyevu nilioutaja mwanzo.

Ukifika kwenye ngama, chota uchafu wote kwa mkono. Utakuta sarafu, ndoano, vipande vya waya wa shaba, chubwi za risasi. Kila kimoja, kilipolala, kimeacha shimo lenye umbo lake. Nimeona kovu la duara kamili chini ya sarafu, limezama karibu nusu ya unene wa bati. Tangu hapo waambie wote wanaopanda: vishipi na chubwi vikae kwenye ndoo ya plastiki.

Kuondoa rangi ya zamani kunataka tahadhari mbili. Rangi za miaka ile zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo sugua kwa msasa wa maji badala ya msasa mkavu, vaa barakoa nzuri, na watoto wasicheze karibu. Ya pili ni dawa. Kostiki soda, ambayo wengi wanaitumia kutoa rangi kwenye vyuma, inaila alumini yenyewe huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Usiiguse. Majivu na chokaa mbichi ni ndugu zake: jivu linang'arisha sufuria kwa sababu linakula ngozi ya juu, na sufuria inaoshwa mara moja, boti haioshwi hivyo. Omba dukani dawa ya kutoa rangi inayosema wazi kuwa inafaa kwa alumini.

Madoa ya kawaida yanatoka kwa siki nyeupe au maji ya ukwaju, ukisuuza sana baadaye. Brashi iwe ya stenlesi au ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida inaacha chembe za chuma zinazopata kutu ndani ya bati lako.

Ribiti

Hapa ndipo penye roho ya kazi, na panataka watu wawili wanaosikilizana.

Anza na zile zilizolegea kidogo. Mmoja akae ndani ameshikilia chuma kizito chenye uso laini dhidi ya mkia wa ribiti, mwingine nje agonge kichwa kwa nyundo, mapigo mafupi ya wastani. Ribiti inavimba ndani ya tundu lake na kukaza tena. Kwa boti nyingi hii peke yake inaponya zaidi ya nusu ya mvujo. Usipige kwa hasira. Bati likibonyea kuzunguka kichwa, umelegeza majirani zake.

Isiyokaza inatolewa. Piga alama katikati ya kichwa, toboa kwa drili kichwa tu, ukitumia keekee yenye unene wa ribiti au mwembamba kidogo, kisha isukume nje kwa msumari butu. Ukitoboa mpaka chini utapanua tundu. Kama tundu limeshapanuka au limekuwa yai, panda ukubwa mmoja, usijaribu kulijaza gundi.

Ribiti mpya iwe ya alumini, shina zima lisilo na uwazi. Ukubwa unaokutana nao sana ni inchi 3/16, takriban milimita 4.8. Kata shina libaki limechomoza kwa mara moja na nusu ya unene wake, yaani kama milimita 7. Lipake sakafi (gundi ya kuzibia) ya polyuretheni ya boti, lipenyeze kutoka nje, mwenzako aweke chuma, gonga. Mkia uliokaa vizuri unakuwa na upana wa mara moja na nusu ya shina na kimo cha nusu yake, umelala sawa pande zote. Ukiegemea upande mmoja, itoe urudie.

Zile ribiti za kubana kwa koleo ambazo mafundi wa madirisha wanazo mfukoni zina tundu katikati na mabaki ya msumari wa chuma ndani. Maji yanapita, msumari unapata kutu. Mahali mkono usipofika, kwa mfano ndani ya omo, ncha ya mbele, tumia aina yake iliyozibwa mwisho, mwili na msumari vyote alumini. Shaba na chuma visikaribie kabisa.

Nyufa na mabati yaliyoliwa

Ufa unaendelea kutembea usipozuiwa. Toboa kitundu cha milimita 3 mwishoni kabisa mwa ufa, pande zote mbili, ndipo utengeneze. Kiraka cha ribiti ni bati la aloi ya baharini, 5052 au 5083, lenye unene kama wa boti, kona zake zimekatwa mviringo, lililopakwa sakafi uso mzima upande wa ndani. Mabati ya kuezekea hayafai. Alumini ya vyombo vilivyoyeyushwa haifai pia, kwa sababu hakuna ajuaye ndani yake mna shaba kiasi gani.

Ukichagua kuchomelea, mtafute fundi mwenye mashine ya gesi ya argoni na umuulize waya anaotumia. Kwa aloi hizi waya wa kawaida ni 5356. Muulize pia anasafishaje. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini ngozi yake ya oksaidi inahitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Asiyeisugua kwanza kwa brashi safi ya stenlesi atakuletea mshono unaoonekana mzuri huku haujashika. Bati la milimita 1.6 linatoboka kwa sekunde, kwa hiyo mwombe ajaribu kwenye kipande cha pembeni mbele yako. Povu na tangi la mafuta lazima viwe vimeshatoka, moshi wa povu linaloungua ni sumu.

Mishono

Baada ya ribiti, jaza maji tena. Panapotoka jasho tu pazibwe kutoka ndani kwa epoksi nyepesi inayotambaa. Sugua mshono, ufute kwa tina, uache boti ipate jua, kisha paka jua linapoanza kupungua nguvu: bati linapopoa, hewa iliyo ndani ya mshono inasinyaa na kuvuta epoksi ndani. Ukipaka asubuhi wakati bati linapata moto, hewa inatanuka na kukutolea mapovu.

Usitumie silikoni inayonuka siki, inatoa asidi. Na utaambiwa na wazee wa ufukweni, "Mwanangu, tia deheni tu, mashua zote hizi zinaelea kwa deheni." Mzee yuko sahihi kwa mbao. Deheni ina chokaa, na chokaa iliyolowa inatafuna alumini. Saruji kwenye ngama, ambayo wengine wanaimwaga kuziba mvujo, ni hivyo hivyo. Mshukuru, umweleze sababu. Mafundi wa kukalafati wanaijua tabia ya maji kuliko wengi wetu na wataelewa mara moja.

Ubao wa tezi

Mashine ya farasi 15 inaning'inia hapa, inasukuma hapa, na ikigonga mwamba nguvu yote inaishia hapa. Usibane matumizi.

Utoe ubao wa zamani bila kuuvunja, hata kama umeoza, kwa sababu ndiyo ramani yako. Mpya utengenezwe kwa plaiwudi ya baharini, vipande viwili vya milimita 18 vilivyobandikwa kwa epoksi, jumla kama milimita 38 pamoja na gundi. Ipo plaiwudi yenye alama ya BS 1088. Hiyo ndiyo ya kutafuta. Plaiwudi ya makabati inaachana tabaka ikilowa. Kwa mabenchi unaweza kutumia msaji. Tuna bahati kwamba mashamba ya msaji ya Longuza yako hapo Muheza. Msaji una mafuta, ufute kwa asetoni kabla ya epoksi.

Na sasa onyo ambalo ningeomba lifike kwa kila mwenye boti ya alumini Tanzania. Mbao zilizotiwa dawa, zile za misonobari zenye rangi ya kijani kibichi zinazouzwa kwa kuezekea, zisiguse boti. Dawa yake ina shaba. Zikilowa maji ya chumvi shaba inatembea mpaka kwenye bati, na bati linageuka unga. Muuza mbao atakuambia hiyo ndiyo haiozi. Ni kweli haiozi, ila itakuozeshea boti.

Paka ubao mzima mikono mitatu ya epoksi, kingo zaidi, maana kingo ndizo zinazokunywa. Changanya kidogo kidogo kwenye chombo kipana. Epoksi ikijazwa kwenye kikombe kirefu kwa joto la Tanga inachemka, inatoa moshi na kuganda na brashi ndani. Kwa tundu la bolti fanya hivi: bolti ikiwa milimita 10, toboa milimita 16, ziba upande mmoja kwa utepe, jaza epoksi nzito, iache ikauke kabisa, kisha toboa milimita 10 katikati yake. Bolti sasa inapita kwenye bomba la epoksi, haiugusi ubao. Kazi hii inachosha, nayo ndiyo tofauti kati ya ubao wa miaka mitatu na wa miaka ishirini.

Kabla hujakata kimo, pima mguu wa mashine utakayoifunga. Mfupi unataka tezi ya takriban sentimita 38, mrefu sentimita 51. Bapa lililo juu ya propela likae usawa wa tumbo la boti au chini yake kwa sentimita 2 hivi.

Bolti na metali ngeni

Bolti ziwe za stenlesi ya 316, lakini nazo ni metali ngeni. Kila moja ivae washa ya nailoni, shina lipakwe grisi ya kutenganisha metali au lanolini, na chini ya kichwa iwe sakafi. Vifaa vya shaba, hata nguruzi ya shaba iliyokuja na boti, vibadilishwe kwa vya plastiki ngumu au alumini.

Funga anodi, kipande cha metali kinachokubali kuliwa badala ya boti, ya zinki au ya aloi ya alumini nje, sehemu iliyo chini ya maji. Ya magnesi ni ya maji baridi. Anodi iguse bati tupu, isipakwe rangi.

Povu la kuelea

Hili ni la maisha ya watu, kwa hiyo lipigie hesabu. Alumini ndani ya maji ya bahari inabaki na asilimia 62 hivi ya uzito wake. Boti ya kilo 110 ikijaa maji inavuta chini kilo 68. Ongeza mashine kilo 40, betri na nanga kilo 15, na kilo 60 za watu wanne wanaoishikilia. Ni kilo 183. Lita 100 za povu lililofungika zinabeba kidogo chini ya kilo 100, basi unahitaji kama lita 200. Gawa: mengi yakae nyuma kwa sababu ya mashine, mengine mbele, na yawekwe juu kando ya ubavu, ili boti iliyojaa maji isijipindue.

Lisiwe povu la vidonge linalofungashia televisheni. Povu la polistaireni linayeyuka likimwagikiwa petroli. Kata vipande, viache nafasi ya kidole kutoka kwenye bati ili maji yapite kwenda nguruzini.

Rangi

Ndani naacha bati tupu. Linapumua, na mvujo unaonekana siku ile ile. Nje, sugua, futa kwa tina, na praima ya kushika alumini iingie siku hiyo hiyo, halafu epoksi, halafu rangi ya juu, vyote vya kampuni moja. Ile praima nyekundu ya vyuma vya mageti si ya hapa. Rangi ya polyuretheni ya makopo mawili ipakwe kwa brashi na rola; kuipuliza bila kifaa cha kupumulia hewa safi kunaharibu mapafu.

Rangi nyingi za kuzuia chaza na majani ya baharini zina oksaidi ya shaba. Usizipake. Kama boti utaikokota juu kila siku, huihitaji kabisa.

Umeme na mashine, kwa ufupi

Mwili wa boti usitumike kurudisha umeme kama gari. Kila taa iwe na waya wa kwenda na wa kurudi, na fyuzi isizidi sentimita 18 kutoka kwenye betri.

Mashine iliyokaa miaka mingi ibadilishiwe impela (pangaboi ya pampu ya maji ya kupoza) hata kama inaonekana nzima, isafishwe kabureta, ipewe plagi mpya. Legeza skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka na rangi ya maziwa, sili imekufa. Mchanganyiko wa mafuta ufuate kitabu cha mashine hiyo. Nyingi zinataka 1 kwa 50, yaani mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, lakini za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zilitaka oili nyingi zaidi. Nunua oili yenye alama ya TC-W3, usiweke ya pikipiki.

Karatasi, kisha kushua

TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, ndiyo inayokagua na kusajili vyombo vidogo. Nenda na vipimo, picha na hati ya mauziano. Ukitaka kuvua, leseni iko halmashauri. Ujue pia kwamba visiwa vya Yambe na Karange viko ndani ya hifadhi ya bahari ya samaki silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo uliza taratibu kabla ya kwenda.

Idadi ya watu: kwa boti ndogo, zidisha futi za urefu kwa futi za upana, gawa kwa 15. Futi 14 kwa 5 inatoa 4 na ushee, yaani watu 4, na bahari ikichafuka wapunguze. Kila mmoja na jaketi lake la kuokolea maisha, amelivaa.

Tanga maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwenye bamvua. Shua siku za maji mafu, yasiyopanda na kushuka sana, maji yanapojaa, ili ukikwama uwe na saa za kujitoa. Chagua asubuhi kabla upepo haujaamka. Siku ya kwanza iache ielee imefungwa kamba, fungua sakafu, tazama ngama kwa nusu saa bila mashine. Kisha washa, hakikisha maji ya kupoza yanatoka nyuma ya mashine, zunguka ndani ya ghuba upande huu wa kisiwa cha Toten huku makasia yakiwa ndani ya boti, na kopo la kufulia maji. Ukirudi, kaza bolti zote za tezi; ubao mpya unatulia na bolti zinalegea kidogo.

Kila ukirudi osha kwa maji baridi ndani na nje, pitisha maji baridi kwenye mashine, ng'oa nguruzi, inua omo ili ngama ikauke. Baada ya miezi miwili tazama anodi. Ikiwa imelika kidogo na kuwa na vinyweleo, inafanya kazi. Ikiwa inang'aa kama siku uliyoinunua, haijagusana na bati: ifungue, sugua nyuma yake na pale inapokaa mpaka metali zote mbili zing'ae, ifunge tena. Ikiwa imekwisha nusu, kuna shaba au waya wenye hitilafu mahali fulani ndani ya boti, na huo utautafuta siku hiyo hiyo kabla hujaenda popote.